Muulize Mama Mitambo: Bledi ya mezani kwangu imezua barua

Mwezi uliopita, nikijibu swali la jenereta, nilitaja kwa mstari mmoja tu kwamba karatasi zangu hapa Segerea nazikandamiza kwa bledi kuukuu, yaani pezi la tabaini ya gesi, mashine inayozungushwa na gesi ya moto ili ifue umeme, ili feni isizipeperushe. Nilipewa siku ya kustaafu, pamoja na khanga na saa ya ukutani. Saa ilishakufa, bledi ipo. Mhariri ananiambia barua zote zilizoingia ni za bledi, za jenereta hakuna hata moja. Basi leo ni bledi na nozeli, mwenzake asiyezunguka, mpaka mwisho wa ukurasa. Kwa asiyenijua: nilikaa miaka 18 katika kituo cha kufua umeme kwa gesi hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya miaka hiyo kazi yangu ilikuwa kuingiza kamera nyembamba kama kidole ndani ya mashine iliyopoa na kutafuta nyufa.

Shikamoo Mama Mitambo. Nilinunua kwa wauza vyuma chakavu Tandale kitu kinachofanana na hicho chako: kimepinda kama kijiko na chini kina meno meno. Nilitaka nipate kisu cha buchani. Mfua vyuma amekishindilia mkaani kutwa nzima, hakilainiki, na mwishowe kimepasuka pembeni. Ni chuma gani hiki? — Kijana wa Manzese

Marahaba mwanangu, na pole kwa mkaa. Tafuta sumaku ya spika mbovu, uiguse hapo. Kama hainasi, basi kwa umbo hilo na kwa kuukataa moto hivyo, karibu hakika hicho si chuma. Ni nikeli, kwa kawaida zaidi ya nusu ya uzito wake, iliyochanganywa na kromiamu, kobalti, alumini, titani na vikorombwezo vingine.

Jembe au nondo likishakuwa jekundu linalegea, ndipo mfua vyuma anapopata riziki yake. Aloi hii, yaani mchanganyiko huu wa metali, imetungwa kwa kazi iliyo kinyume. Ndani yake kuna vitofali vidogo mno vya nikeli iliyoshikamana na alumini, na vitofali hivyo vina tabia ya ajabu: joto likipanda haviregei, bali mpaka karibu nyuzi 800 za Selsiasi vinazidi kukaza. Kwa hiyo mfua vyuma wako alikuwa akibishana na kitu kilichotengenezwa makusudi kisimsikilize. Alipozidisha moto na nyundo kikapasuka, kwa sababu kilimiminwa kwenye kalibu, hakikufuliwa. Na hata angefanikiwa, kisu kingekuwa butu. Kwa buchani tafuta springi ya lori.

Hayo meno meno ndiyo mizizi yake. Bledi huchomekwa kwa meno hayo kwenye gurudumu la rota, sehemu ya mashine inayozunguka, halafu gurudumu linazunguka. Piga hesabu uone: bledi ya kilo moja, iliyo mita moja kutoka katikati, mizunguko 3,000 kwa dakika. Inavutwa kwenda nje kwa nguvu kama uzito wa tani 10. Ni kama umeitundikia Coaster mbili zilizojaa abiria, nayo ikiwa imeiva kwa moto. Sijui kitoweo gani ulitaka kukata, lakini kitu hicho kimezoea kazi nzito zaidi.

Muulize pia aliyekuuzia alikitoa wapi. Vitu hivi havidondoki barabarani. Na usikitupe, nitakurudia mwishoni.

Mama, mwalimu ametuambia gesi inayoingia kwenye tabaini za kisasa ina nyuzi 1,500 na zaidi. Ukurasa unaofuata wa daftari unasema aloi ya bledi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,350. Nilipouliza mbona haiyeyuki, akajibu, "Inapozwa." Inapozwaje? — Mwanafunzi wa ufundi, Chang'ombe

Mwalimu wako hajakosea, kengele tu ilikuwa karibu.

Anza na hili: tatizo la kwanza la bledi si kuyeyuka, ni kurefuka. Kitu kikivutwa kwa nguvu kubwa huku kina joto kali, hurefuka taratibu sana, kwa sehemu ndogo ndogo za milimita, mwezi hadi mwezi, mpaka ncha ikwaruze ukuta wa mashine au bledi ikatike. Na joto halina huruma. Ongeza nyuzi 10 au 15 tu kwenye mwili wa bledi, umri wake unaweza kupungua kwa nusu. Kwa hiyo wahandisi wamekuwa wakipigana vita viwili kwa wakati mmoja, kuzuia moto usiifikie bledi na kuifanya bledi yenyewe igome kurefuka.

Kuhusu moto. Wajerumani walianza mapema kwa sababu ya njaa ya nikeli. Injini yao ya ndege ya Jumo 004, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilitumia bledi zenye uwazi ndani, zikipitishiwa hewa, kwa kuwa hawakuwa na madini ya kutosha kutengeneza aloi nzuri. Injini hizo zilidumu saa 10 hadi 25 hivi. Saa, mwanangu, si miezi. Lakini wazo lilikuwa sahihi na ndilo tunalotumia mpaka leo.

Bledi ya sasa ukiikata katikati utakuta vijia vinavyopanda, vinageuka, vinashuka, vinapanda tena, kama mtu aliyepotea Kariakoo. Kuta za vijia zimewekewa matuta ili hewa ivurugike na kubeba joto zaidi. Hewa hiyo inachotwa kutoka kwenye kompresa ya mashine hiyohiyo, sehemu inayovuta hewa na kuibana, na hapo ndipo wanafunzi wangu wa mazoezi walikuwa wanacheka: hewa ya kupozea ina nyuzi kama 400! Ukiiwekea mkono unaiva. Kwa bledi, hiyo ni maji ya mtungi.

Kisha hewa inatokea nje kwa vitundu vyembamba, vingine havifiki milimita moja, na inajitandaza juu ya ngozi ya bledi kama shuka, ikiitenga na moto. Mwanzoni vitundu vilikuwa vya duara tu, na hewa ilichomoka kwa kasi ikapita juu bila kufunika kitu. Wakagundua kwamba mdomo wa kitundu ukitanuliwa kama faneli, hewa inapunguza mwendo na kulala juu ya ngozi. Badiliko dogo la umbo la tundu, faida yake kubwa ajabu. Kati ya maboresho yote, hili ndilo ninalolipenda, kwa sababu halikuhitaji madini mapya wala nini. Mtu aliangalia tu hewa inakwenda wapi.

Juu ya ngozi hiyo inapakwa kauri, zirkonia iliyotiwa itria, unene wake kama kadi ya vocha ya kukwangua. Inaweza kuushusha joto mwili wa bledi kwa nyuzi 100 na zaidi. Shida ni kwamba kauri haitanuki sawa na nikeli, kwa hiyo chini yake hutangulizwa tabaka la kuishikisha, na kwa bledi za thamani kauri yenyewe hutandikwa ikiwa mvuke ili ikue kama mabua yaliyosimama wima, yenye nafasi katikati. Bledi ikitanuka, mabua yanaachana kidogo. Ikipoa, yanarudi. Nimewahi kuona kwenye skrini ya kamera mahali kauri ilipobanduka, eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba, na chini yake nikeli imebadilika rangi kama chapati iliyosahauliwa. Mashine ilifunguliwa kabla ya muda wake kwa sababu ya ukucha huo.

Sasa vita vya pili, kurefuka. Aloi iliyomiminwa kawaida inaganda ikiwa na punje punje, kama sukari guru, na mipaka kati ya punje ndiko inakoanzia kupasuka na kuteleza. Miaka ya 1960, katika kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani, Frank VerSnyder na wenzake waliigandisha bledi kuanzia chini kwenda juu, taratibu, hadi punje zikawa ndefu zinazofuata urefu wa bledi. Hakukuwa tena na mpaka uliokatisha njia ya mvuto. Kisha wakajiuliza: kwa nini kuwe na mipaka hata kidogo? Chini ya kalibu wakaweka kijia chembamba kilichojisokota. Punje nyingi zinaanza kukua, zinasukumana kwenye kijia kama abiria wa mwendokasi Kimara saa moja asubuhi, isipokuwa hapa anapita mmoja tu. Huyo mmoja anaijaza kalibu nzima. Bledi yote, mizizi mpaka ncha, ni fuwele moja, yaani punje moja tu. Zilianza kubeba abiria wa ndege za kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kwa hiyo mwalimu akisema tena "inapozwa", mwambie, "Na inavishwa, na haina mipaka." Kwa adabu lakini.

Dada, mimi ni fundi wa pampu Gerezani. Nozo nazijua kuliko jina langu. Hizo nozeli za tabaini unazozitaja nazo zinapuliza mafuta? Kuna kipi cha kuboresha kwenye tundu? — Fundi Nozo

Ndugu yangu, jina ni moja, watu wawili. Nozo zako zinarusha dizeli. Nozeli ninayoisema mimi haigusi mafuta kabisa. Ni safu ya mapezi yasiyozunguka, yamepangwa duara mbele ya bledi. Gesi ya moto ikitoka kwenye chemba ya kuchomea inapita katikati yake, inabanwa, inaongeza kasi, inageuzwa upande, ndipo inaipiga bledi kwa pembe inayotakiwa. Bila nozeli, bledi ni pangaboi la mapambo.

Nafurahi umeuliza, kwa sababu kila mtu anaililia bledi na hakuna anayemkumbuka huyu mwenzake. Nozeli ya safu ya kwanza ndiyo inayokutana na moto kabla ya mtu mwingine yeyote. Tena moto wenyewe hauji sawasawa. Kati ya kichomeo na kichomeo kuna michirizi mikali zaidi na mahali penye nafuu. Bledi inazunguka, inapita kote, kwa hiyo inaonja wastani. Nozeli haiendi popote. Iliyopangiwa kukaa mbele ya mchirizi mkali itakaa hapo miaka yote ya maisha yake.

Afueni yake ni moja: haizunguki, haivutwi na zile tani 10. Kwa sababu hiyo katika mashine nyingi za nchi kavu ilitengenezwa kwa aloi ya kobalti badala ya nikeli. Kobalti haifikii nikeli katika kubeba mzigo, lakini inavumilia kutanuka na kusinyaa, na inachomeleka vizuri. Hilo la kuchomeleka ndilo lenye fedha ndani yake. Nozeli inaruhusiwa kupata nyufa. Unazipima, unaziandika, na siku ya matengenezo makubwa inatolewa, inasagwa, inachomelewa, inarudi kazini. Bledi yenye ufa kwenye mwili haibembelezwi hivyo.

Maboresho yake? Ndani ya pezi huwekwa bati jembamba lenye matundu mengi linalopuliza hewa moja kwa moja kwenye ukuta kwa ndani, kama mtu anayepulizia chai kila upande. Umbo nalo limebadilika. Mapezi ya zamani yalikuwa yamenyooka kutoka chini hadi juu, ya sasa yamepindishwa na kuinamishwa kwa hesabu za kompyuta ili gesi isijikunje pembeni na kupoteza nguvu. Na sasa kauri zimeingia zenyewe, si kama rangi tu. Nyuzi za silikoni kabidi zinafungwa ndani ya silikoni kabidi nyingine, unapata kitu chenye uzito wa karibu theluthi moja ya nikeli na kinachohitaji hewa kidogo ya kupozea. Injini ya ndege ya GE9X, iliyopata cheti Marekani mwaka 2020, ina nozeli za namna hiyo. Sikuwahi kushika hata moja. Ningependa.

Binti yangu, mimi ni mstaafu wa zamani kidogo. Enzi zetu tuliambiwa mashine za gesi ni walafi, hula mafuta bila haya. Siku hizi nasikia zinasifiwa. Kimebadilika nini? — Mzee wa Magomeni

Shikamoo mzee wangu. Mliambiwa kweli.

Mwaka 1939, katika mji wa Neuchâtel, Uswisi, kampuni ya Brown Boveri iliwasha mashine ya kwanza ya gesi ya kufua umeme wa mji. Tabaini yake ilitoa kilowati 15,400. Kompresa yake, ambayo haina budi kusukuma hewa, ikala 11,400. Zikabaki 4,000 za kuuza. Mama lishe akipiga biashara hiyo, auze ya 15,400 huku vitu vya sokoni vimemgharimu 11,400, atasema anaishi lakini hajengi. Ufanisi wote ulikuwa asilimia 17 na ushee, na gesi iliingia kwa nyuzi 550 tu, kwa sababu bledi za wakati ule zisingestahimili zaidi.

Kila kilichofanyika tangu hapo, fuwele, vitundu, kauri, kimeruhusu gesi iingie ikiwa kali zaidi, na gesi kali inaacha faida kubwa zaidi baada ya kompresa kuchukua chake. Ongeza ujanja wa kutumia moshi unaotoka kuchemshia maji na kuzungusha tabaini ya mvuke, kama inavyofanyika Kinyerezi II. Mwaka 2011 kituo cha Irsching, Ujerumani, kilivuka asilimia 60. Mwaka 2016 Bouchain, Ufaransa, kikafika 62.22. Mlafi ameingia darasa la lishe, mzee.

Mama, bati zangu Kigamboni zinaliwa na chumvi miaka minne tu. Mashine zenu zinavuta hewa hiyohiyo ya bahari, mbona hazioze? — Mama Mjenzi

Zinaoza, zikiachiwa. Chumvi ikikutana na salfa ya kwenye mafuta ndani ya moto inazaa kitu kama utelezi unaoyeyuka juu ya bledi na kuila. Bahati yetu ni gesi ya Songo Songo, iliyoanza kuwasha mashine za Ubungo mwaka 2004. Karibu yote ni methani na salfa haina ya kutajika. Kwa upande wa chumvi kuna vichujio vya hewa, vyumba vizima vya vichujio, na kuiosha kompresa kwa maji na sabuni maalumu. Aloi yenyewe hutiwa kromiamu kwa ajili ya ulaji huo. Bati zako, samahani, hazina hata kimoja kati ya hivyo. Piga rangi mapema.

Baba mdogo alikuwa zamu kwenye kituo cha gesi. Alikuwa akisema afadhali mashine itembee mwezi mzima kuliko kuzimika ghafla mara moja. Alikuwa anatia chumvi? — Msomaji, Tabata

Hakutia hata punje. Mimi nilijua historia ya mashine kabla sijafungua daftari lake, kwa kuangalia nyufa tu. Mashine inayotembea mfululizo inazeeka kwa kurefuka, polepole, kwa heshima. Inayowashwa jioni na kuzimwa usiku inazeeka kwa nyufa ndogondogo kwenye kingo nyembamba za nozeli, kwa sababu kingo hupoa haraka, kiwiliwili bado kina moto, na wawili hao wanavutana.

Kuzimika ghafla ikiwa na mzigo kamili ndiyo balaa. Gesi inakatwa, lakini kompresa bado inasukuma hewa, kwa hiyo nozeli iliyokuwa motoni inamwagiwa hewa iliyo baridi kuliko yenyewe kwa mamia ya nyuzi, ndani ya sekunde. Mimina maji kwenye kikaango kilichosahaulika jikoni, usikilize. Kwa aina fulani ya mashine kubwa, kuzimika hivyo mara moja huhesabiwa kama kuwasha na kuzima kwa kawaida mara 8. Ratiba ya kufungua sehemu ya moto inaweza kuwa saa 24,000, lakini matukio kama hayo yanaweza kuileta mapema.

Nakumbuka usiku mmoja mashine ilizimika mara tatu kwa sababu ya kihisio kimoja kibovu, waya umelegea. Kila mara wakubwa walitaka irudishwe upesi, na ilirudishwa. Miezi michache baadaye niliingiza kamera, nikahesabu nyufa kwenye nozeli mpaka nikaishiwa mistari ya fomu. Waya wenyewe ulikazwa kwa bisibisi.

Shikamoo Mama. Je, bledi hizi zinaweza kutengenezwa hapa kwetu? — Mwanafunzi mwingine, Chang'ombe

Marahaba. Hatua zake zinavyoanza utadhani ni kazi ya karakana ya mtaa. Unachonga bledi kwa nta. Katikati ya nta kuna kiini cha kauri chenye umbo la vile vijia vya hewa. Unaichovya kwenye uji wa kauri, unainyunyizia mchanga, unaacha ikauke, unarudia mpaka upate ganda nene. Unaiyeyusha nta, inatoka. Hadi hapo ndugu zetu wa Benin na Ife walikuwa wakifanya kwa shaba karne nyingi zilizopita. Ugumu unaanza baada ya hapo. Nikeli inamiminwa ndani ya ombwe, bila hewa, kwa kuwa alumini na titani zinaungua zikigusa oksijeni. Inagandishwa kwa mwendo unaopimwa, kiini kinayeyushwa kwa dawa kali za magadi, kisha kila bledi inapigwa eksirei, na nyingi zinakataliwa. Kuna njia mpya pia: mwaka 2017 Siemens walijaribu huko Lincoln, Uingereza, bledi zilizochapwa kwa printa ya 3D kutoka unga wa aloi, zikazunguka mara 13,000 kwa dakika zikiwa zimebeba mzigo kamili.

Sisi tusianzie huko. Tuanzie kwenye nozeli. Miaka yangu yote niliyaona masanduku ya mbao yakifungwa misumari kwenda ng'ambo, ndani yake nozeli zenye nyufa ambazo mimi mwenyewe nimezichorea duara kwa chaki, na yakirudi baada ya miezi na ankara ya dola. Kilichofanyika huko ni kusafisha, kuchomelea kwa uangalifu, kupiga msasa, kupaka upya, kupima. Si uchawi. Kinachotakiwa ni mchomeleaji mwenye mkono uliotulia, chumba cha gesi ya agoni, tanuri la ombwe, na mtu wa kukagua ambaye haogopi kusema "hapana, rudia".

Wewe anza na mkono. Jifunze TIG, kuchomelea kwa umeme chini ya kinga ya gesi ya agoni, kwenye vipande vyembamba vya nikeli, ampea ndogo, ukitazama ufa unavyotaka kufunguka tena pembeni mwa weldi. Utaharibu vingi. Vipande vya kuharibu si rahisi kupata, lakini yule kijana wa Manzese hapo juu anacho kimoja, na tayari kina ufa.